Ploti ni ya Wazazi, Mkaza Mwana Ataishi Wapi?



Chukueni mfano. Mzee wa Makongeni amefanya kazi kiwandani hadi kustaafu, akanunua ploti na kujenga. Mwanawe akaoa, akapewa vyumba viwili uani. Ndoa ikivunjika, wazazi wanataka vyumba vyao. Mkaza mwana anasema hapo ndipo kwake. Nani ana haki?

Hatimiliki ikiwa na jina la mzazi, ploti ni ya mzazi. Kifungu cha 40 cha Katiba kinailinda mali yake, na cha 57 kinataka wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Hakuna anayerithi mzazi akiwa hai. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamkataza mume kumfukuza mkewe katika nyumba ya ndoa bila amri ya korti, lakini hiyo ni nyumba wanayoimiliki au kuikodi wao wenyewe.

Hata hivyo, hatimiliki si ruhusa ya kung'oa mabati wala kutupa vitanda nje. Sheria ya Ardhi inataka anayekaa bila idhini apewe notisi ya maandishi ya muda usiopungua miezi mitatu, naye anaweza kuipinga kortini. Akipigwa au kutishwa, anaweza kuomba amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani. Wazazi wakinyanyaswa, nao wanaweza kuiomba.

Kama alichangia ujenzi, aweke risiti za saruji na ujumbe wa M-Pesa, ili aweze kuiomba korti izingatie mchango wake. Na ikiwa mumewe amefariki, watoto wasisahauliwe: babu akifa bila wosia, wao hushika nafasi ya baba yao katika urithi.

Ugomvi mwingi huanzia kwenye maneno “jengeni tu hapo.” Kabla ya jiwe la kwanza, familia iandikiane mbele ya mashahidi: ploti ni ya nani, nyumba ni ya nani, na itakuwaje wawili hao wakiachana. Mkikosa kuelewana, chifu anaweza kuwapatanisha, lakini hana mamlaka ya kumtoa mtu nyumbani. Hilo ni la korti, na korti ziko Thika na Ruiru.