Ushuru wa Magari na Nauli ya Mnyonge

Mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35. Wapo wasemao kuwa huo ni mzigo wa tajiri. Hebu tuhesabu. Twaa gari dogo, mfano wa zile Probox zibebazo watu na kabeji vijijini. Lifikapo Mombasa kwa shilingi 100, forodha hulifanya 135. Ushuru wa bidhaa, asilimia 20, hulifikisha 162. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, huleta 187.92. Awali lilikuwa 174. Shilingi 10 zilizaa karibu 14 (tozo ndogondogo tumeziacha), kwa kuwa kodi hutozwa juu ya kodi. Mwenye gari atazirudisha kwa nauli ya mama aendaye sokoni.