Breki ya Bomba la Moshi

Ndugu wanakisomo wa Kilwa Kisiwani, samaki wetu wakivuka maji hadi Masoko, hupanda pikapu ya dizeli kwenda Nangurukuru. Baadhi ya pikapu zina breki ya bomba la moshi. Kilango hufunga bomba, moshi hubanwa, injini hupunguza mwendo mteremkoni.

Adui zake ni masizi na kutu ya chumvi. Kilango kikiganda wazi, breki haishiki. Kikiganda kimefungwa, gari hukosa nguvu.

Zima injini, ngoja ipoe. Sukuma mkono wa kilango. Haurudi? Safisha masizi. Unarudi? Kagua waya na mpira wa upepo.

Breki hii ni msaidizi tu. Breki za magurudumu zikiwa mbovu, gari lisiondoke. Samaki watavuliwa wengine, mtu hanunuliwi.