Kodi Imo Ndani ya Bei

Leo chukueni kalamu.

Jirani yangu alinunua sabuni na mafuta ya kupikia. Kwa bei zilizobandikwa, jumla ilikuwa shilingi 580. Muuzaji akamwambia, "Mama, ongeza 93 za VAT." Akaongeza. Hizo zilikuwa pesa za mboga.

Hapa Kenya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, na bei iliyobandikwa dukani huwa tayari ina kodi hiyo ndani yake. Mama alitozwa mara mbili.

Ukitaka kujua kodi iliyomo, usitafute asilimia 16 ya 580. Hata mimi shuleni nilikosea hapo. Asilimia hiyo huhesabiwa kwenye bei kabla ya kodi. Kwa hiyo gawa 580 kwa 116, unapata 5. Zidisha kwa 16, unapata 80. Bidhaa ni 500, kodi ni 80.

Unga wa mahindi hautozwi VAT. Na mwenye duka ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka halazimiki kujiandikisha kwa kodi hii. Kama hajajiandikisha, hana ruhusa ya kukutoza. Muulize risiti, kwa upole tu.

Jirani alirudi na karatasi yake ya hesabu. Muuzaji aliitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua droo na kuhesabu 93.

Kesho njooni na risiti zenu, tuzisome pamoja.