Na Wali Ule Amelipa Nani?

Pita Sinza Kijiweni asubuhi, wakati muuza kahawa bado anapepea mkaa wake, uwatazame vijana wa bajaji wanaongoja abiria. Zamani kijiwe kilikuwa na msemaji mmoja na wasikilizaji kumi. Siku hizi vichwa vyote vimeinamia simu, kimya kama watu walio kwenye dua, mpaka mmoja apasuke kwa kicheko. Hapo simu huzunguka mkono kwa mkono. "Hii mmeiona?" Ambaye hajaiona huonekana mshamba.

Na Sinza yetu haipendi ushamba. Viwanja vyake vilipimwa miaka ya 1970, katika mradi wa serikali uliokopewa fedha na Benki ya Dunia, ili watu wa kipato kidogo wajijengee nyumba. Leo ukishika barabara ya Shekilango utakutana na saluni, maduka ya nguo, baa na wakaanga chipsi. Mtindo mpya wa nywele hufika hapa mapema, na kichekesho kipya cha mtandaoni hufika mapema zaidi.

Mimi si adui wa vichekesho. Osita Iheme, mwigizaji wa Nigeria aliyezaliwa mwaka 1982, ni mtu mzima kabisa. Lakini sura yake ya kitoto katika filamu ya Aki na Ukwa ingali inazunguka kwenye simu za watu ambao hawajapata kuiona filamu yenyewe. Mara amefumaniwa na mwenye nyumba, mara mshahara umekwisha tarehe tano. Kuchekesha ni kazi yake. Kijana wetu Kili Paul naye alijirekodi kwa hiari yake akiigiza nyimbo za Kihindi, na mwaka 2022 ubalozi wa India hapa Dar es Salaam ukamtunuku.

Swali ni juu ya wale ambao hawakuulizwa. Mwaka 2015 huko Ghana, mtoto wa miaka minne alipigwa picha darasani akiwa ameinamia karatasi yake anachora. Picha ikaenea Afrika nzima, watu wakiiandikia maneno ya kuchekesha, na mtoto mwenyewe hana habari. Bahati yake ni kwamba waliomjua walizinduka, na mwaka 2017 zikachangwa fedha za kumsomesha yeye na wenzake wa kijijini.

Turudi mtaani kwetu. Masika iliyopita, mama lishe mmoja alikuwa anavuka mtaro na sufuria ya wali kichwani. Ubao ukateleza. Mama akaenda upande wake na wali upande wake. Kijana aliyekuwa ng'ambo hakumpa mkono, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshika simu. Ilipofika adhuhuri, video ilikwisha kuwekewa muziki. Jioni nikaletewa na shemeji yangu wa Mwanza, ambaye Sinza hajapata kuikanyaga. Watu walicheka, na kwa kweli muziki ule ulikuwa umepangwa vizuri.

Siku ya pili banda halikufunguliwa, wala siku ya tatu. Mafundi wa gereji na vijana wa saluni wakashindia chipsi huku wakinung'unika. Ndipo mzee mmoja anayecheza bao pale kijiweni akauliza, bila kuinua macho, "Na wali ule amelipa nani?" Hakuna aliyejibu. Mwenye duka aliyemkopesha mama mchele akatazama chini.

Ndugu wasikilizaji, utani sisi tumeurithi. Mpare na Mchaga, Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata msibani. Mtani anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Lakini mtani huyo huyo huchimba kaburi, huteka maji, hupika. Anayekucheka analijua jina lako, na kesho zamu ya kuchekwa ni yake. Kicheko cha simuni hakina zamu. Kinachukua, hakirudishi. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Lakini mtu mwenye deni la mchele ataitoa wapi nauli ya kufuatilia shauri? Kabla ya sheria kuna ujirani.

Siku ya nne banda lilifunguliwa. Vijana wa bajaji wakaenda, wakala, wakalipa, na wengine hawakungoja chenji. Mmoja akathubutu kumuuliza mama kama sasa amejua kuogelea. Mama akamwelekezea mwiko: "Wewe leo sahani yako ni bei ya samaki, na samaki huwekewi!" Banda zima likacheka, na yeye akacheka nao.

Basi ikikufikia picha ya mtu aliyeanguka, jiulize kwanza kama alitaka tumcheke. Kama hakutaka, iishie kwenye simu yako. Na kama unamfahamu, nenda ukale kwake, umtanie uso kwa uso, kisha ulipe.