Kisu au Hogo: Tiba ya Kifundo cha Mkono Kilichovunjika, kwa Kuzingatia Hali ya Ufipa



Awe ni bibi aliyeteleza masika akajikinga kwa kiganja, ama kijana aliyeangushwa na bodaboda, mfupa unaovunjika aghalabu ni ule wa upande wa gumba, karibu na kifundo, ambao mvunjiko wake Abraham Colles wa Dublin aliueleza mwaka 1814, kabla eksirei haijavumbuliwa.

Njia za kuutibu ni mbili. Ya kwanza haina kisu: sindano ya ganzi hutiwa penye mvunjiko, msaidizi huushika mkono juu ya kiwiko kilichokunjwa, na tabibu huvuta gumba na vidole taratibu huku akikisukuma kipande kilichopanda mpaka kirudi mahali pake, kisha mkono hufungwa hogo kwa majuma 5 au 6. Ya pili ni ya chumba cha upasuaji, ambamo mfupa hushikizwa kwa pini nyembamba zipenyezwazo ngozini, au kwa bamba la chuma na skurubu.

Mvunjiko uliotoboa ngozi hauna hiari. Huo ni wa kupasuliwa. Ama mingineyo, uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2022, uliohusu watu 500 waliorudishiwa mifupa, baadhi wakafungwa hogo na wengine wakatiwa pini, ulidhihirisha kwamba baada ya mwaka mmoja mikono ya makundi yote mawili ilifanya kazi sawasawa. Na kwa wazee, chunguzi nyingine zimekuta kuwa bamba nalo halikuleta faida kubwa baada ya muda kama huo.

Walakini, limo katika uchunguzi ule wa Uingereza jambo linalotupasa kulitafakari. Miongoni mwa waliofungwa hogo, takriban 1 katika kila 8 mfupa wake ulihama ndani ya majuma 6 hata akahitaji kupasuliwa, naye alitambuliwa kwa kuwa alikuwa chini ya uangalizi. Mgonjwa wetu wa Kirando au Kasanga huku Rukwa, ateremkaye mpaka mwambao wa Ziwa Tanganyika asirudi ila siku ya kulikata hogo, hakuipata tiba ile iliyopimwa, yaani hogo pamoja na uangalizi. Na siku hiyo mfupa huenda umekwisha kushikana hali umepinda.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba hogo liwe ndiyo kawaida, lakini mgonjwa asiondoke pasi na kuandikiwa tarehe za picha za eksirei, juma la kwanza na la pili; tumwulize habari ya nauli na ya shamba kabla ya kuchagua tiba; na yule ambaye marejeo kwake ni muhali, ilhali mfupa wake umevunjika vipande vingi, apewe rufaa ya upasuaji tangu siku ya kwanza. Tena kila mmoja aambiwe kwa lugha aielewayo kwamba vidole vikivimba, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, afike kituo cha afya kilicho karibu siku ileile, hogo lilegezwe.