Louis Riel: Heshima Imerudi, Ardhi Je?



Tarehe 16 Novemba 1885 serikali ya Kanada ilimnyonga Louis Riel mjini Regina kwa kosa la uhaini. Mwaka 2023 bunge la jimbo la Manitoba lilipitisha sheria ya kumtukuza kwa cheo cha heshima cha Waziri Mkuu wa kwanza wa jimbo hilo. Kati ya kitanzi na cheo hicho watu wamebishana bila kuchoka: alikuwa shujaa, mhaini au mwendawazimu? Hoja yangu leo ni kwamba ubishi huo juu ya nafsi yake umeifunika kesi aliyoibeba, nayo ni kesi ya ardhi.

Mwaka 1869 Kampuni ya Hudson's Bay ilikubali kuikabidhi Kanada eneo kubwa la magharibi kwa pauni 300,000. Wakazi hawakuulizwa. Miongoni mwao walikuwa Wametis, taifa lililotokana na wanawake wa mataifa asilia na wafanyabiashara wa manyoya kutoka Ulaya. Wapima ardhi walipofika Red River, katika Manitoba ya leo, walianza kukata viwanja vya mraba katika nchi ambayo mashamba yake yalikuwa marefu na membamba, kila moja likianzia mtoni. Wametis waliwazuia, kisha wakaunda serikali ya muda. Riel, aliyekuwa na miaka 25, akawa kiongozi wao. Mazungumzo na serikali ya Kanada mjini Ottawa yalizaa Sheria ya Manitoba ya 1870, iliyoahidi ekari milioni 1.4 kwa watoto wa Wametis.

Serikali hiyohiyo ya muda ilimpiga risasi mfungwa wake, Thomas Scott. Watetezi wa Riel wasilikwepe jambo hili: kifo kile hakikuhitajika, na ndicho kilichowapa maadui zake hoja. Jimbo la Ontario lilidai kisasi. Riel alichaguliwa mbunge mara tatu asikalie kiti hata siku moja, akaishia uhamishoni.

Ahadi ya ardhi nayo ilicheleweshwa, walanguzi wakafaidi, na Wametis wengi wakahamia Saskatchewan. Huko malalamiko yalikuwa yaleyale. Mwaka 1884 Gabriel Dumont, kiongozi wa Wametis wa huko, na wenzake walimfuata Riel Montana, Marekani, alikokuwa mwalimu, naye akarudi nao. Mwaka uliofuata waliasi, na jeshi la Kanada likawashinda Batoche. Mahakamani mawakili wake walitaka kumwokoa kwa kudai ana wazimu, lakini yeye alikataa, kwa sababu madai ya mwendawazimu hayasikilizwi.

Baada ya Riel kunyongwa, jimbo la Quebec lilimlilia kama Mkatoliki msemaji wa Kifaransa. Watu wanane wa mataifa asilia walionyongwa Battleford siku 11 baadaye kwa matukio ya uasi huohuo hawakupata kilio kama hicho. Leo wapo wanaotaka Riel asamehewe, na wapo Wametis wanaopinga, kwani msamaha hupewa mkosaji.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba serikali haikutekeleza ipasavyo ahadi ile ya ardhi ya 1870. Kwangu mimi, uamuzi huo una uzito zaidi kuliko sanamu na sikukuu zote za kumuenzi. Wanafunzi wangu, mnapomchunguza mpinzani yeyote, msianze na swali la kama alikuwa mtakatifu. Ulizeni alidai nini, na kama deni hilo limelipwa. La Riel halijalipwa.