Kumtazama Kiumbe Bila Kumuua

Katika somo lililopita tuliona jinsi hadubini inavyokuza vitu vidogo. Leo tutazame shida ambayo kukuza peke yake hakuiondoi.

Tia kipande cha kioo safi katika bilauri ya maji. Ni vigumu kukiona, kwa sababu nuru hukipita kama inavyopita maji. Chembe hai nyingi ziko hivyo hivyo. Kwa hiyo wataalamu walizoea kuzitia rangi. Rangi huzionyesha vizuri, lakini mara nyingi chembe huwa zimekwisha kufa. Je, nani atajifunza mwendo wa swala kwa kutazama mzoga wake?

Aliyepata njia nyingine ni Frits Zernike, mtaalamu wa fizikia wa Groningen, Uholanzi. Mwaka 1932 aliwaonyesha watu wa kiwanda cha Zeiss mjini Jena, Ujerumani, lakini hawakuichangamkia. Mwaka 1953 kazi hiyo hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel.

Njia yenyewe ni hii. Nuru husafiri kwa mawimbi. Ikipita ndani ya chembe huchelewa kidogo, kama mtu akanyagaye mchanga huku mwenzake anatembea juu ya ardhi ngumu. Macho yetu hutambua mwangaza na rangi, lakini kuchelewa huko hayakutambui. Nuru iliyotawanywa na chembe hubaki nyuma ya nuru iliyonyoka moja kwa moja kwa kadiri ya robo ya wimbi.

Basi chini ya kitu kinachotazamwa huwekwa kizuizi kinachopitisha nuru kwa umbo la pete. Ndani ya lenzi ya juu huwekwa kioo chenye pete ya pili. Pete hiyo huipokea nuru iliyonyoka, huipunguza ukali, na kuitanguliza robo nyingine. Robo mbili ni nusu: sasa kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, nayo hupunguzana nguvu. Hapo pana kiza. Chembe iliyofanana na maji huonekana nyeusi-nyeusi, ingali hai, hata ikigawanyika kuwa mbili.

Lakini jihadharini: mwanga mweupe unaozunguka ukingo wa chembe hutokana na chombo, si sehemu ya mwili wake.

Swali la kuzungumza kikundini: kwa nini chembe iliyokwisha kufa haiwezi kutufundisha yote?